Swali la Usalama

"Samahani, sijakuelewa. Tafadhali eleza tatizo lako kwa maneno machache," ilisema mashine.

"Habari za mchana," alianza tena mke wa mchomeleaji, kwa ile lugha ya wenyeji aliyofundishwa darasani. "Za kazi?"

"Samahani, sijakuelewa."

Kwao alilelewa kwamba huendi kwa mtu na shida yako kabla hujamjulia hali. Lakini mashine haina hali ya kujuliwa. Adabu ikamshinda, akafoka:

"Mtandao! Mtandao umekufa!"

"Asante. Tafadhali subiri."

Muziki ukaanza, ule ule uliomkera tangu asubuhi. Akaiweka simu mezani, akashika tama. Kwao alikuwa fundi cherehani mwenye duka lake na wateja wanaogombania zamu. Huku ugenini, walikofuata kazi ya mume, alikuwa mtu wa kukaa ndani, kwenye jengo ambalo majirani wakikutana nawe kwenye ngazi wanaangalia viatu vyao. Mtandao ndio uliomuunganisha na mama yake, dada zake na shangazi yake mwenye mdomo mchafu. Ulipokatika, akabaki anaongea na kuta.

Asubuhi alimwambia mumewe bila kuficha:

"Mtandao usiporudi, narudi mimi. Nimechoka."

"Nitawapigia nikitoka kazini," mume alijibu huku akifunga buti zake. Hata uso hakuinua. Siku hizi ndivyo alivyo, maneno yake unayatoa kwa koleo.

Muziki ukakatika ghafla.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Binadamu! Karibu ashangilie.

"Habari yako dada? Nyumbani wazima?"

Mhudumu akaipita salamu.

"Mama, tatizo lako ni nini?"

Akaeleza. Akasikia vidole vikigonga kompyuta.

"Akaunti ina jina la mwanamume."

"Ndiyo, la mume wangu."

"Tunaongea na mwenye akaunti tu."

"Mwenye akaunti yuko kwenye tumbo la meli anachomelea vyuma! Mtandao ninaoutaka mimi niko nao hapa, umekufa, nauangalia!"

"Naelewa, mama. Basi jibu swali la usalama, tutaendelea."

"Uliza."

"Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

Akadhani mhudumu kakosea akaunti.

"Dada, hebu soma tena. Sisi hatuna mtoto."

"Jibu si sahihi."

"Sijajibu! Nakueleza kwamba hatuna!"

"Mama, jibu lipo hapa mbele yangu. Alilijaza mume wako mwenyewe."

Akaibana simu sikioni.

"Ni jina la kike au la kiume?"

"Siruhusiwi kusema."

"Nitajie hata herufi ya kwanza, mwanamke mwenzangu."

"Siruhusiwi."

Akabahatisha jina la baba mkwe. Si sahihi. La mama mkwe. Si sahihi.

"Umekosea mno, mama. Akaunti imejifunga mpaka kesho. Kuna kingine nikusaidie?"

"Nisaidie mume!" alijibu, akakata.

Akazunguka sebule nzima, jikoni, akarudi. Ni kweli aliwahi kubeba mimba, huku huku ugenini, ikatoka wakati imeshakuwa kubwa. Tangu siku ile mume hakuigusia hata kwa bahati mbaya. Yeye alilia peke yake, mwenzake akaomba zamu za ziada kazini. Sasa aliona ameelewa. Mtu mwenye mtoto mahali pengine atalilia nini cha hapa?

Akamwandikia mumewe ujumbe wa simu: "Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

Jibu likaja upesi kuliko alivyozoea: "Nani kakwambia?"

Jamani! Mtu asiye na mtoto si angeuliza mtoto gani?

Akashusha sanduku juu ya kabati.

Mume alimkuta anakunja magauni. Alikuwa bado na nguo za kazi, ananuka chuma kilichoungua, anahema kwa zile ngazi.

"Mke wangu, kuna nini?"

"Usiniite hivyo. Kamwite huyo mliyezaa naye."

"Nani?"

"Nakuuliza wewe! Nimewapigia watu wa mtandao, wameniuliza jina la mwanao. Mtu baki anamjua, mimi simjui! Mama yake nani?"

Mume akakaa chini, sakafuni kabisa, mgongo ukutani.

"Nimekuuliza, mama yake nani?"

"Wewe."

"Usinifanyie mzaha leo. Nitakurushia pasi."

"Jina nililojaza ni Chereko."

Gauni likamdondoka. Chereko. Ndivyo walivyokuwa wakiliita lile tumbo, kwa sababu kila muziki ulipolia jikoni, mtoto alicheza. Tangu hospitali hakulisikia tena hilo neno kwa mtu yeyote.

"Tulipotoka hospitali ulikuwa unamtaka mama yako," mume alisema. "Nikaenda kuunganisha mtandao ili umwone. Wakaniambia nichague swali. Yalikuwepo ya timu ya mpira, ya shule... Mkono ukachagua hilo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia. Nikaogopa nikilitaja, nitakumaliza."

"Ukaenda kumtajia mhudumu!"

"Wao huuliza. Kila ukiwapigia, wanauliza: mtoto wako wa kwanza anaitwa nani? Mimi namtaja. Wao wanasema, sahihi. Kila mtu kazini anawalaani wale watu, mke wangu. Mimi nimewapigia hata mtandao ukiwa mzima."

Hapo machozi yakamtoka mchomeleaji yule, akiwa na masizi usoni.

Mkewe alisimama akimtazama. Huruma ilimjia, lakini hasira nayo ilikuwa haijaondoka, na aliitoa yote.

"Nilikuwa chumba hicho hapo! Nalia peke yangu, nadhani nimeolewa na jiwe. Ungefungua mlango tu. Ungekaa hata bila kusema neno. Unajua ni mara ngapi nimetaka kuliita hilo jina, nikakosa wa kuitikia?"

"Nisamehe."

"Leo nilikuwa naondoka. Unanisikia? Sikuwa natishia."

"Nisamehe, mke wangu. Nilidhani nakulinda."

"Ulinilinda na nani? Na wewe?"

Mke akasogeza sanduku kwa mguu, akakaa sakafuni kando yake, bega kwa bega, ingawa lile koti la kazi lilimchafua.

"Mtandao haurudi leo," alisema baada ya kupenga kamasi. "Nimebahatisha mpaka akaunti wameifunga."

"Umebahatisha nani?"

"Baba yako. Na mama yako."

Mume akacheka na machozi yake. Mke akamkamata kidevu, akamgeuza amtazame.

"Sasa nisikilize. Wale usiwapigie tena kwa hilo. Nitakuuliza mimi. Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

"Chereko," alisema mume, taratibu.

"Mwanangu," mke akaitikia.