Ufunguo wa Saba

SAA 4:00 ASUBUHI

Chumba cha nyuma, dukani kwa fundi kufuli. Mezani, pete moja yenye funguo saba.

"Kitendawili," alisema Mjomba, kiongozi wa genge.

"Tega," alijibu Shemeji, dereva.

"Ndugu saba, sita waongo."

"Ndio hawa." Fundi alizigusa. "Mmoja tu unafungua ghala."

Ghala la nyaya za shaba. Kiwanda kile kile ambacho mashine yake ilimla Fundi vidole viwili, kisha kikamfukuza kama vile kosa lilikuwa kumwaga damu kazini. Tangu siku hiyo hawezi kuchokonoa kufuli. Shemeji, mume wa dada yake, ndiye aliyezipata funguo kutoka kwa mlinzi.

"Walinzi wanakula dakika kumi," Fundi aliendelea. " Kitasa kizito, kila ufunguo dakika moja. Wa kwanza, bahati moja kati ya saba. Ukikataa, nautia mfukoni. Wa pili, moja kati ya sita. Mwongo akitoka, mkweli anasogea."

"Ukiurudisha kwenye pete?"

"Tutazunguka kama mbuzi kwenye kamba. Siurudishi."

"Na wa saba?"

"Wa saba hauna bahati, Mjomba. Wa saba ni lazima."

Shemeji alikohoa. "Mimi nitabaki kwenye lori."

"Baki, lakini usizubae," alisema Fundi. "Nilishakaa ndani miaka minne. Mama yuko kitandani. Nikirudi jela, atazikwa na majirani."

"Usiseme hivyo, shemeji yangu. Mama ni wetu sote."

SAA 7:02 MCHANA

Mlangoni pa ghala, ufunguo wa kwanza ukakataa. Mfukoni.

Wa pili. Wa tatu. Mjomba alishika bastola, jasho likimchuruzika shingoni.

"Unacheza?"

"Nahesabu. Nyamaza."

SAA 7:07

Zimebaki mbili. Moja kati ya mbili. Fundi aliuzungusha wa sita. Ukakataa.

"Basi ni huu," Mjomba alinong'ona.

Fundi aliushika wa saba. Mkono uliujua kabla ya jicho. Meno yale aliyakata yeye, kwa tupa yake, wiki ile dada yake alipoolewa. Ufunguo wa chumba cha maharusi.

Aliutia hata hivyo. Haukugeuka.

"Ulisema lazima."

"Hesabu haijakosea. Mtu ameutoa mkweli, akaweka wa kwake."

"Nani?"

Fundi aliuma meno mpaka taya likalia. Akitaja, dada atakuwa mjane kabla ya jioni. Akauchomoa ufunguo, akaukaza kiganjani.

Nje, lori liliwashwa. Likaondoka bila haraka, kama la mtu anayekwenda nyumbani kula.

"Mwanaharamu," alisema Mjomba. Hakuuliza tena.

SAA 7:10

Polisi walikuwa sita, na hawakuwa wakihema. Walikuwa wamesubiri nyuma ya ukuta tangu asubuhi. Mjomba aliitupa bastola chini.

Askari alimpekua Fundi. Funguo sita mfukoni, mmoja kiganjani, umebanwa hadi ngozi imechanika.

"Fungua mkono."

Akaufungua.

"Huo mpelekeeni dada yangu," alisema. "Mwambieni abadilishe kitasa. Na mama akiondoka, yule mumewe asishike jeneza."