Mimi au Baiskeli ya Marehemu

— Weka nyundo chini.

— Jibu kwanza. Mimi, au huyu marehemu wako mwenye magurudumu?

— Hiyo ni baiskeli tu. Weka nyundo chini tuongee.

Seremala hakuiweka. Aliishusha kwa nguvu zote kwenye gurudumu la nyuma, spoku zikakatika, kipande kikaruka na kumchana Spoki shavuni. Damu ikamiminika hadi kwenye ovaroli.

Huyo Spoki ndiye fundi wa baiskeli wa mtaa ule, mwanamke mwenye karakana yake mwenyewe, na jina hilo alipewa na wateja kwa jinsi alivyojua kunyoosha magurudumu. Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia baiskeli ya milimani, ya kijani, kuukuu, na kila asubuhi aliipanda kwenda kwa wateja wa juu mlimani. Na huyu mwenye nyundo ndiye mchumba wake, bingwa wa vitanda na makabati, mikono kama makoleo. Harusi ilishakaribia, hata kitanda cha harusi alikuwa amemaliza kukipaka vanishi.

— Ona ulichonifanya, Spoki akasema, amejishika shavu.

— Wewe ndiye unayenifanya niwe hivi. Baiskeli mpya zimejaa madukani, nimesema nitakununulia. Wewe unang'ang'ania kuibadilishia hiyo uma wa mbele, breki, gia. Kila siku unampakata marehemu mbele ya macho yangu.

— Fremu yake nzima. Fremu nzima haitupwi.

— Basi kaolewe na fremu.

Akalipiga teke debe la mafuta machafu, akaondoka zake.

Jioni simu ikalia mlio wa ujumbe: "Nisamehe mama. Nikiiona hiyo baiskeli akili inaniruka. Nakupenda mpaka naumwa. Haki ya Mungu sitarudia."

Haya, nyinyi mnaosoma hapa, wangapi mmeshawahi kupokea ujumbe wa namna hiyo? Na wangapi mliujibu? Spoki naye aliujibu. Alilia kwanza, kisha akaandika: "Yameisha. Ila usininyanyulie tena nyundo." Mtu akilala peke yake muda mrefu, moyo wake hauna ubishi.

Kesho yake Seremala alikuja mpole kama maji ya mtungi. Alileta kigoda alichokichonga mwenyewe na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu. Akakaa sakafuni, akaishikilia baiskeli, gurudumu la nyuma limeshasukwa spoku mpya, wakati mpenzi wake akifunga uma mpya wa gurudumu la mbele, wenye shoku, na kukaza usukani.

— Hiki kimstari cha nini? akauliza.

— Kila bolti nikishaikaza naipigia rangi ya kucha, toka kichwani mwa bolti hadi kwenye chuma. Ikilegea, mstari unakatika. Sina haja ya kuigusa, naona tu.

— Una akili wewe.

— Ni uoga tu. Kwenye mteremko bolti moja inakuzika.

Ile rangi aliyoitumia ilikuwa ya zambarau, mabaki ya zamani, na kwa bolti ya mwisho ya usukani ikaisha. Akakitupa kichupa.

— Endelea na hii nyekundu.

— Hiyo ya harusi. Siichezei kwenye bolti.

Wakacheka. Seremala akamshika mkono, akauliza taratibu, bila kelele:

— Kwa hiyo ndiyo umeamua? Kuikarabati, si kununua?

— Sijaamua. Kesho nashuka nayo mlima. Ikinishinda nanunua mpya, na sitabishana nawe tena.

— Kweli?

— Kweli kabisa.

Akambusu penye plasta, akasema atafunga karakana yeye, mwenzake akapumzike. Spoki akaenda nyumbani anaimba. Masikini.

Alfajiri, kabla hakujapambazuka, alizitupia bolti jicho, akaona mistari ipo, akapanda. Asubuhi alipofika kileleni alishajua jibu, maana chuma hakimdanganyi fundi. Uma mpya ulikuwa mrefu kuliko fremu ilivyozoea, pua ya baiskeli ikanyanyuka, usukani ukawa mwepesi mno. Na ile fremu ya zamani haikuwa hata na mahali pa kufungia breki za diski. Aliipapasa, akasema nayo kidogo, akaliaga jambo alilotakiwa kuliaga siku nyingi. Kisha akatoa simu.

"Umeshinda mpenzi. Tununue mpya. Ya marehemu nitaiuza. Nashuka sasa, nikifika chini nakupigia."

Simu ikaonyesha ujumbe umesomwa. Spoki akangoja jibu, hata kopa moja la mapenzi. Kimya. Akajua yuko kwenye randa, akairudisha simu mfukoni, akaiachia baiskeli.

Kwenye kona ya kwanza usukani ukageuka mikononi mwake na gurudumu likaenda lilikotaka. Aliruka juu, akatua kwa bega, kisha kwa mdomo, lami ikamkwangua ngozi ya uso upande mzima. Mtulinga ulivunjika. Meno ya mbele aliyatema mwenyewe.

Alipozinduka hospitali, Seremala alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, analia hadi kamasi.

— Si nilikwambia ule ni mkweche? Si nilikwambia? Nusura nikupoteze.

Spoki alimpapasa kichwa. Mnamwona? Alimpapasa kichwa, yeye mwenye bendeji, akimbembeleza mwenye afya.

Mchana, Seremala alipotoka kwenda kununua maji, simu ikaita. Alikuwa Mama Cherehani, fundi nguo wa mlango wa pili, shoga yake wa siku nyingi.

— Shoga, unanisikia? Usiongee, sikiliza tu. Baiskeli waliokuokota walikuja kuitupa kwangu. Mchumba wako ameshaifuata, anataka kuipeleka kwa wanunua vyuma chakavu leo hii hii. Nimemwambia funguo za banda zimepotea.

— Nipigie picha, Spoki akasema kwa taabu. Bolti za usukani. Kwa karibu.

Picha zikaingia. Akazikuza. Mstari wa zambarau ulikuwa umekatika vipande viwili, bolti imegeuzwa. Juu yake kulikuwa na mstari mwingine, umepigwa kwa uangalifu kabisa, mkono wa mtu aliyezoea kuchora mbao. Mwekundu.

Akaizima simu. Seremala aliporudi na maji, Spoki aliyanywa.

Siku ya kuruhusiwa alimwomba wapitie karakana kwanza. Mkono umefungwa shingoni, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akakitwaa kile kichupa chekundu. Kilikuwa kimefunguliwa.

— Ulilegeza bolti usiku ule.

— Bolti gani?

— Ukaipigia mstari, ili nisione. Mimi ndiye niliyekufundisha.

Seremala alibabaika, akatazama mlango.

— Nilitaka uyumbe tu. Uogope kidogo, uachane na lile libaiskeli. Sikujua litakutupa vile.

— Nilikuandikia kule juu. Nilikwambia umeshinda. Uliusoma.

Seremala akapiga hatua kuelekea mlangoni.

— Uliusoma. Ungenipigia. Neno moja tu, usishuke.

— Ningekwambia nini? Ungejua ni mimi, ungeniacha.

Hapo Spoki akalia, si kwa meno wala kwa bega. Akaivua pete ya uchumba kwa meno ya pembeni, akaitema sakafuni.

— Nimekuacha.

Seremala alimrukia. Mikono ile ya randa ikamshika shingo, akambamiza ukutani, minyororo na matairi yakawaangukia. — Huniachi, akasema, huniachi, utanizika kama yule marehemu wako. Spoki akaona giza linakuja kwa pembeni. Mkono wake mzima ukapapasa ukutani, ukakuta spana kubwa, akaishusha kwenye vidole vilivyomkaba. Mara ya kwanza havikuachia. Mara ya pili vililia kama kuni kavu. Yule bwana akapiga ukelele, bado akamsukuma Spoki kwenye bega lenye mtulinga uliovunjika, wakaanguka wote. Mama Cherehani akaingia na pasi ya mkaa, inawaka, akaikandamiza mgongoni kwa Seremala na kuiacha hapo mpaka shati likanuka.

— Toka, Mama Cherehani akasema. Toka kabla sijakupiga pasi na uso.

Akatoka kwa kutambaa.

Kesho yake asubuhi alikuja karakana mama yake Seremala. Mwanamke mtu mzima, ushungi umemkaa vizuri, amekaa kwenye kigoda kile kile cha mwanawe.

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Nimekuja kumwombea. Vidole vimevunjika, mgongo umeungua, hali chakula. Analitaja jina lako tu.

Spoki akaokota spana sakafuni, akaitundika.

— Ule ni wivu, na wivu ni mapenzi. Ndoa ni kuvumiliana. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, moto, lakini moyo mzuri. Mvumilie, atabadilika.

— Baba yake alibadilika lini, mama?

Yule mama akaitazama shingo ya Spoki, alama za vidole zimekaa kila kimoja mahali pake. Mkono wake mwenyewe ukapanda taratibu, ukaugusa ushungi pale ulipofunika shingo.

— Alipozikwa, akasema.

Mlango wa pili cherehani iliendelea na kazi yake.

— Umekwenda polisi? mama akauliza.

— Bado. Kwa mdomo huu nikisema maneno mawili wananiambia rudia.

Mama akainuka, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akamshika Spoki mkono ulio mzima. Walipofika kaunta ya polisi, askari akauliza nani mlalamikaji, na yeye ndiye aliyetangulia kujibu.

— Andika. Nimekuja kumshitaki mwanangu.