Kadi Iliyozidi

Ijumaa ya kwanza ya shindano, daftari la mzee Mdoe lilisema kijiji kipya cha Kwemkopa kina nyumba mia mbili na kumi na mbili. Kadi za Mwaija zikasema mia mbili na kumi na tatu. Bwana Hiza, mkuu wa ofisi, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mmepewa kalamu, meza na wiki tatu," alisema, "halafu mnashindwa kuafikiana juu ya vijumba vya udongo! Ijumaa ya mwisho nataka hesabu moja. Zikipishana, mmoja wenu atakwenda kulima."

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Watu wa Handeni walikuwa wanatolewa kwenye vitongoji vyao na kupangwa katika vijiji vya ujamaa, na ofisi hiyo ndogo ya takwimu, pale Korogwe karibu na stesheni, ilitakiwa kuchagua njia moja ya kutunza habari zao. Itakayoshinda ingepelekwa wilaya zote. Mzee Mdoe alitetea daftari lake kubwa la jalada jekundu, ambalo hata mkewe hakuruhusiwa kuligusa. Mwaija, aliyerudi karibuni kutoka mafunzoni Dar es Salaam, alitetea kabati la kadi.

Kila kadi ilikuwa nyumba moja, na pembeni ilizungukwa na vitundu. Tundu moja lilikuwa la choo, jingine la jembe la ng'ombe, jingine la mtoto. Nyumba yenye kitu hicho, Mwaija alikata ukingo wa tundu lake kwa koleo dogo la mkononi. Ukitaka kujua nyumba zenye choo, unapitisha sindano ndefu kwenye tundu la choo la kadi zote, unainua, unatikisa. Zilizokatwa zinaanguka mezani, zisizokatwa zinabaki zikining'inia. Mdoe alipekua kurasa kutwa nzima na mate kidoleni. Mwaija alimaliza kabla chai haijapoa. Shindano lilikuwa lake, kama isingekuwa hiyo moja iliyozidi.

Aliipata siku ya Jumatatu. Ilikuwa ya mwisho kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mahali pa jina paliandikwa: Mwenye Nyumba. Watoto: hana.

Akakumbuka. Siku ile ya kuandikisha, kitongoji cha chini ya kilima, jua la utosini, lori linapiga honi watu wapande. Ilibaki nyumba moja pembeni, mlango umeegemezwa gogo. Mwaija ni mtoto wa mjini. Akapiga hodi kama mtu mwenye adabu zake. Sauti ya mwanamke ikamwitikia kutoka ndani, laini kabisa.

"Nipo. Andika Mwenye Nyumba."

"Una watoto, mama?"

"Bado."

Akaandika akiwa amesimama jua kali, akakimbilia lori. Hakuingia ndani.

"Mzee Mdoe, shikamoo," alisema asubuhi ile, akijaribu kutabasamu. "Ile nyumba ya gogo mlangoni, kwa nini wewe hukuiandika?"

Mdoe aliweka kalamu chini. "Marahaba. Kwani wewe uliiandika?" Akatazama dirishani, kisha akateremsha sauti. "Mwanangu, ile ilihamwa miaka mingi. Sisi Wazigua mahali kama pale tunapita kimya. Hatupigi hodi. Ukipiga hodi umeomba kuonana."

Mwaija alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mchana huo aliichana ile kadi vipande vinne akaitupa.

Kesho yake saa saba, wenzake wamekwenda kula, joto la Korogwe limekaa juu ya bati, alisikia kwenye kabati sauti ya karatasi zinazosuguana, taratibu, kama mtu anayetafuta jina lake. Alipovuta droo ilitoka harufu ya marashi ya waridi yaliyochacha. Kadi ilikuwa mahali pake, nzima. Akapitisha sindano kwenye tundu la choo, ikaanguka. Akapitisha kwenye la jembe, ikaanguka. Akapitisha kwenye la mtoto, akijisemea kwamba hili hakulikata, hili analikumbuka vizuri kwamba hakulikata. Kadi ikateleza, ikatua mezani uso juu, na ukingo wa tundu ulikuwa umekatwa upya, safi, kwa koleo lililokuwa mfukoni mwake. Pale palipoandikwa "hana" paliandikwa sasa, kwa mwandiko wake: mmoja, wa kike, miaka mitano.

Mwaija alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, wa miaka mitano. Mumewe alikufa mwaka wa pili wa ndoa. Binti huyo, Mashavu, ndiye aliyemwachia duniani. Alikimbia nyumbani bila kufunga ofisi.

Alimkuta mtoto kibarazani kwa Grasiana, jirani aliyemwangalia mchana, akichezea vifuniko vya soda.

"Mashavu!"

Mtoto hakugeuka. Akaita tena. Mtoto akaendelea kupanga vifuniko. Halafu, bila mtu yeyote kuita, Mashavu akainua kichwa kuelekea njiani, akaitikia kwa furaha: "Abee, mama!"

"Mimi niko huku, mwanangu."

"Siyo wewe," mtoto alisema. Nywele zake zilinuka waridi.

Usingizi haukumjia Mwaija siku zilizofuata. Kila saa saba mtoto aliitikia, na kila siku alikuwa mzito zaidi kumgeukia mama yake. Alhamisi ya mwisho, Mwaija alimbeba mgongoni akapanda treni mpaka Mnyuzi, kwa Mwalimu Mwinjuma, aliyesifika kwa kutoa majini tangu enzi za Mjerumani, kama ungewaamini wanaomsifu. Mzee huyo alimtazama mtoto, akanusa nywele zake, akarudisha kitabu chake kwenye mfuko.

"Simwezi," alisema.

"Mwalimu, nakuomba. Nitafanya lolote."

"Nimfukuze atoke wapi? Huyu hakuvamia. Ulimpigia hodi, ukamwandika, ukamhamisha na wenzake kwa lori, ukampa kiwanja. Ameambiwa yeye ni mwananchi." Alikohoa, akasogea karibu. "Nani mwingine amemwandika?"

"Mimi tu. Kwenye daftari hayumo."

"Basi shukuru. Aliyeandikwa na mmoja anafutika. Akiandikwa na wawili, amepata mashahidi, na mimi nitakuja kukupa pole tu. Usiichome hiyo kadi peke yake. Umemchanganya na watu, atajificha kwao. Choma zote. Mchana, saa zake, akiona."

Ijumaa saa sita na nusu, Mwaija alibeba droo moja baada ya nyingine mpaka shimo la taka nyuma ya ofisi, akamwaga kadi zote mia mbili na kumi na tatu, akamimina mafuta ya taa, akawasha. Zilianza kuungua kimya. Kisha, katikati ya moto, sauti ya mwanamke ikaanza kulia, si kwa maumivu bali kama mtu aliyetolewa nyumbani kwake na vyombo vyake vikatupwa nje, ikalia na kulia, ikipanda kila kadi ilipojikunja, na Mwaija akasimama pale machozi yanamchuruzika, moshi wenye harufu ya waridi unamwingia puani, akirudia kila aya aliyofundishwa utotoni, mpaka sauti ikakatika na shimo likabaki majivu. Akahisi mwili mwepesi. Alicheka peke yake, kwa sauti, kama mwendawazimu.

Bwana Hiza alikuwa amesimama nyuma yake, uso umemwiva.

"Umechoma kazi ya serikali."

"Nimechoma, bwana. Daftari ndiyo njia bora. Chagua daftari." Kazi ilikuwa imekwisha, alijua, wala hakujali. Angeuza maandazi stesheni. Angelima. Mwanawe alikuwa mzima.

"Daftari limekwisha chaguliwa!" Hiza alifoka. "Nimelitia sahihi asubuhi, limeondoka na treni kwenda Tanga. Kwani kulikuwa na haja gani ya kuchoma? Hesabu zenu zilikuwa sawasawa!"

Mwaija hakuelewa. Aligeuka kumtafuta mzee Mdoe, akamwona mlangoni, kofia mkononi, anatabasamu kwa haya kama mtu aliyekamatwa akitenda wema.

"Nilikuonea huruma, mwanangu," Mdoe alisema. "Jana hukuwepo. Bwana Hiza alisema zikipishana mmoja atafukuzwa, na wewe una mtoto wa kulea. Nikafungua kabati, nikainakili ile kadi yako kama ilivyo. Mia mbili na kumi na tatu. Nilijua ni nyumba tupu, lakini wino ni wino tu, nani atakwenda kuangalia?"

Mwaija alikimbia, akapita stesheni, akapita duka la Chimanlal, kanga imemdondoka begani, watu wanamshangaa, viatu vimebaki njiani, moyo unampiga mpaka masikioni, akiita jina la mwanawe tangu mbali, akiliita na kuliita ili kama kuna mtoto wa kuitikia basi amwitikie yeye, na alipofika kibarazani kwa Grasiana vifuniko vya soda vilikuwa vimepangwa vizuri ukutani na hapakuwa na mtu anayevichezea.

Grasiana alitoka ndani akifuta mikono.

"Umesahau nini tena?" aliuliza.

"Mashavu yuko wapi?"

Jirani alimtazama, kwanza akidhani ni utani.

"Mwaija, mbona unanitisha? Si umemchukua mwenyewe sasa hivi, ilipogonga saa saba? Ukasema mmepata nyumba Kwemkopa, mnahamia leo." Alirudi nyuma hatua moja, macho yametua kwenye miguu yake mitupu. "Mtoto alifurahi sana. Ulipomwita mara moja tu, aliitika."