Kiti cha Dereva

Kifaru kisicho na dereva hakiendi popote. Ndivyo mchezo ulivyotengenezwa, na Fundi aliujua mchezo ule nje ndani. Ulikuwa mchezo wa vita vya vifaru, wa zile mashine kubwa zilizokuwa zikijaza kumbi za michezo enzi za ujana wake: kibanda cha bati chenye viti viwili, mmoja anashika usukani, mwenzake anashika mpini wa mzinga, na mbele yao kioo kimejaa jangwa na maadui. Mpiga mzinga akikaa peke yake, kifaru kinagoma kama punda mpaka adui waje wakimalize.

Alasiri moja binti yake wa miaka tisa, ambaye kwa kuropoka kwake nyumba nzima ilimwita Chiriku, alikuwa chumba cha kazi mbele ya kompyuta, sare za shule hajavua, anapiga mizinga. Kiti cha pembeni yake, mbele ya usukani uliong'olewa kwenye mashine ya zamani, kilikuwa kitupu. Sebuleni cherehani ya mama yake ilikuwa ikikereza.

"Baba," alisema bila kugeuka, "huyu dereva wako anaendesha vizuri."

"Dereva gani?"

"Huyu. Nikitaka kushoto ananipeleka kushoto. Hata simwambii."

Fundi aliinua macho. Kwenye kioo kifaru kilikuwa kikikata kona nyuma ya mchanga, kinajificha, kinatoka, kama kinavyoendeshwa na mtu aliyeuzoea mchezo. Alijiambia ni kosa la programu yake, akamwambia mtoto akale, akakaa mpaka magharibi akipekua alichoandika mstari kwa mstari. Hakuona kosa. Na fundi asipoona kosa, hapo ndipo anapoanza kuogopa.

Kazi yake ilikuwa kuokoa michezo inayokufa. Ndani ya kila mashine ya zamani mna ubao wenye chipu zilizobeba mchezo, na mara nyingi betri ndogo inayoshikilia kumbukumbu. Betri ikizimika, kumbukumbu imekwenda. Fundi huchomoa chipu moja moja, akazisafisha miguu kwa spiriti, akanakili kilichomo, kisha akaandika programu ya kuifanya kompyuta ijifanye ule ubao wa zamani, mchezo uamke usijue kwamba umehamishwa nyumba. Wenzake wa kazi hiyo wametapakaa duniani na wanajuana kwa barua tu, na wana sharti moja: unachokikuta ndicho unachokihifadhi. Ukikuta kosa, hifadhi na kosa. Fundi alikuwa mkali wa sharti hilo mpaka wengine walimwona ana gubu.

Na yeye mwenyewe alikuwa amelivunja wiki ile ile. Kwenye kumbukumbu ya mashine ya vifaru alikuta orodha ya washindi kumi, kila mmoja kwa herufi tatu. Wa kwanza alikuwa DER. Fundi aliziangalia herufi zile, kisha akaufuta mstari, akampandisha wa pili kuwa wa kwanza. Herufi tatu tu, alijiambia, nani atajua.

DER alikuwa Dereva, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakukubali kukaa kiti kingine. Alifia ndani ya kibanda kile miaka ishirini na miwili iliyopita. Watu wote walijua kwamba aliuawa na jini. Walijua kwa sababu Fundi ndiye aliyewaambia.

Siku ya tatu harufu ilianza. Mkewe aliisikia kwanza, akadhani cherehani inaungua, akaichomoa kwenye umeme. Harufu ikabaki: mpira wa waya ulioungua, na juu yake harufu ya bati la moto. Alasiri, saa zile mtaa unaponyamaza kwa jua, ndipo ilipozidi. Nayo injini ya kifaru ikaanza kusikika, ule mngurumo wa chini ambao spika hutoa mchezo unapongoja wachezaji. Fundi aliingia chumbani. Kompyuta ilikuwa imezimwa, na waya wa spika ulikuwa umening'inia haujachomekwa popote.

Chiriku alikuwa amekaa kiti chake, mkono wa kulia umelala mapajani.

"Umewasha kitu?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

Mtoto alitikisa kichwa. Hilo nalo lilimtisha, maana Chiriku hakuwa mtoto wa kutikisa kichwa kama maneno yapo. Fundi alimshika mkono. Ulikuwa baridi mpaka kiwiko, na vidole vimejikunja kana kwamba vimeshika kitu cha mviringo ambacho hakipo.

"Dereva amesema nini?" aliuliza, na hakujua kwa nini ameuliza hivyo.

"Anauliza," mtoto alinong'ona. "Anauliza kwa nini umesema ameua. Anasema yeye hakuua mtu."

Walimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akamgonga magoti, akamchoma kidole kwa sindano, akasema haoni ugonjwa. Kesho yake baridi ilikuwa imefika begani, na Chiriku hasemi hata neno moja, anaangalia tu. Mkewe aliuacha ushonaji, akakaa chini karibu na mtoto.

"Baba Chiriku," alisema, "ikifika kifuani je?"

Fundi alimvutia mtoto shuka mpaka mabegani.

"Kuna yule mganga wa nyuma ya soko. Wanasema majini anaongea nao. Twende."

"Mambo ya waganga siyataki."

"Huyataki wewe, au humtaki yeye? Mara ngapi tunazunguka njia ndefu kwenda sokoni, kisa usipite mlangoni kwake? Mimi nina macho."

Fundi alikuwa anamjua mganga vizuri sana. Mganga yule alikuwa mdogo wake Dereva.

Ukweli ulikuwa mfupi, na Fundi alikuwa ameubeba kila siku kama kokoto ndani ya kiatu. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza mashine wa ukumbi ule, kijana anayejiona anajua. Jumamosi ile fyuzi ya mashine ya vifaru ilikatika mara tatu. Fyuzi haikatiki kwa wazimu. Inakatika kwa sababu umeme unavuja mahali, na fundi mwenye akili huzima akatafuta. Lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni, watu wanapiga miluzi, na Dereva, aliyekuwa ameivunja rekodi dakika kumi tu kabla, alikuwa anapiga usukani makofi akisema, "Fanya hima bwana, moto haujanitoka." Fundi aliizungushia fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Haikukatika tena. Umeme uliokuwa unavuja ukakaa kwenye bati, ukakaa kwenye usukani wa chuma, ukamkuta Dereva ana mikono iliyolowa jasho. Fundi alikuwa kiti cha pili, ameshika mpini wa plastiki.

Kabla watu hawajaingia kibandani aliichomoa karatasi ile, akaitia mdomoni, akaitafuna, akaimeza. Kisha akasema ameona kitu cheusi kimemkaba mwenzake shingo. Jini, alisema. Ndilo neno lililomjia. Mtu wa kwanza kulisikia alikuwa msichana wa miaka kumi na minne aliyesimama mlangoni mwa kibanda, amekuja kumwita kaka yake nyumbani.

Neno lile lilimfuata msichana. Watu walisema jini akionja damu hauhami ukoo. Rafiki zake wakamkimbia, shule ikamshinda, posa ikaja ikarudi ilikotoka. Akaanza kuanguka na kusema kwa sauti isiyo yake, na mama yake akamzungusha kwa waganga mpaka mama akafa, na waganga wakachoka, na mwisho yeye mwenyewe akawa ndiye anayepelekewa wagonjwa. Fundi aliyasikia yote hayo kwa mbali, mwaka hadi mwaka, na kila aliposikia alizunguka njia ndefu zaidi.

Alijaribu njia moja ya mwisho, njia ya mwoga. Alasiri ile aliingia chumba cha kazi akafuta kila kitu, nakala, programu, kazi ya miezi saba, akachomoa nyaya zote, akauinua ule usukani wa zamani ili autupe nje, na alipoushika ukawa wa moto, ukazunguka mikononi mwake taratibu, kidogo huku, kidogo kule, na mngurumo ukapanda kutoka sakafuni mpaka kwenye magoti yake, na kwenye kioo kilichozimwa akaona kivuli chake kimekaa kwenye kiti cha dereva ilhali yeye amesimama, na kivuli kile kikageuza kichwa polepole kama mtu anayetaka kuuliza swali kwa adabu, na kutoka chumba cha pili mkewe akalia kwamba mtoto anashindwa kupumua.

Walimbeba mtoto wakapita njia fupi.

Chumba cha mganga hakikuwa na chochote cha kutisha. Kulikuwa na mkeka, viti viwili vya plastiki na saa ya ukutani. Mganga alikuwa mwanamke mwembamba aliyezeeka kuliko umri wake. Alimpokea mtoto, akamlaza mapajani, kisha akamwambia mama kwa upole, "Dada, utungoje nje kidogo. Aliyekuja na neno ndiye abaki."

Mlango ulipofungwa aliinua uso.

"Shikamoo, kaka."

Salamu ile ilimchoma Fundi kuliko tusi. "Marahaba," alisema.

"Umechelewa, lakini umefika. Sema."

"Hakuna jini aliyemuua kaka yako. Fyuzi ilikuwa inakatika, nikaifunga kwa karatasi ya sigara. Nilijua ni hatari, nikaifunga. Ni mimi."

Mganga alimpapasa mtoto nywele.

"Nilikuona unatafuna," alisema mwishowe. "Miaka yote hii nilidhani unasaga meno kwa uchungu. Nilikuwa nakuonea huruma."

Fundi alipiga magoti. Alitaka kulia lakini aliona aibu kulia mbele ya mtu mwenye haki zaidi ya kulia.

"Majini wapo, kaka, na wengi hawana habari na sisi," mganga aliendelea kwa sauti ile ile ya chini. "Jini huyu hakuwa na hili wala lile. Wewe ukamwita mbele ya maiti, ukambebesha kazi ambayo hakuifanya. Akaja kuuliza, akanikuta mimi mlangoni. Miaka ishirini na miwili ananiuliza mimi. Kwa nini wamesema nimeua? Nikilala, nikila, nikioga. Nami sikuwa na jibu. Wiki hii ulipomfuta kaka kwenye ile orodha yako, ndipo alipomjua anayeficha."

"Nisamehe, dada."

"Hilo leo sina. Pengine siku nyingine." Alisema bila ukali, kama mtu anayesema sukari imekwisha. "Mimi nimechoka naye, na mtoto huyu hana kosa. Anataka kwenda kwa aliyemwita. Utampokea?"

"Atanifanya nini?"

"Sijui. Mimi alikuwa ananiuliza tu. Wewe jibu unalo."

Fundi aliuangalia mlango. Nje alisikia miguu ya mkewe ikienda na kurudi.

"Nampokea," alisema. "Ila nakuomba kitu kimoja. Mke wangu asijue. Mtoto asijue. Nitabeba mwenyewe."

"Mimi sitawaambia," alisema mganga.

Hakukuwa na ngoma wala moshi. Mganga aliuchukua mkono wa mtoto, akauweka ndani ya mkono wa Fundi, na baridi ikahama, ikapita kwenye kiganja, ikapanda kiwikoni, begani, ikashuka kifuani na kukaa hapo kama mgeni anayetafuta pa kuweka mzigo. Chiriku alifumbua macho, akauliza kwa nini saa ya ukutani iko nyuma, na kama kuna maji, na kama wamemwachia kitabu chake cha hesabu. Mama yake aliusukuma mlango bila kubisha.

Mganga hakuwaaga. Alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, anasikiliza, kisha akaanza kulia kimyakimya, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu utoto wake hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Chiriku alikuwa mbele, mdomo haumtulii. Mkewe alikuwa amemshika Fundi mkono, na furaha ilikuwa imempa ujana tena usoni. Fundi alijisikia mwepesi kidogo. Alikuwa amesema, alijiambia. Alikuwa amemwambia mwenye haki yake, na yaliyobaki yangekaa kifuani, na kifua chake kilizoea kufunga siri.

Kwenye kona ya mtaa wao jirani mshona viatu alikuwa kibarazani na watu wanne watano. Aliwaona, akaweka sindano chini.

"Fundi, tulisikia mtoto hajiwezi. Anaendeleaje?"

Fundi alitabasamu, akafungua mdomo aseme hajambo, tunashukuru. Lakini kilichotoka kilikuwa sauti nyingine, ya adabu, iliyochoka kungoja, na aliisikia ikipita kwenye koo lake naye hawezi kuizuia.

"Mimi sikumuua Dereva," ilisema. "Aliyemuua ni huyu. Naomba mnisikilize, nitaeleza tangu mwanzo."

Na ilipokuwa ikieleza, fyuzi, karatasi, foleni, jasho, mkewe aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Fundi, akaenda mbele, akamshika mtoto.