Mmea wa Bomba la Sokoni

Sokoni hapakuwa na pa kutia mguu, na binti mmoja wa gauni la njano alikuwa amepiga magoti kando ya bomba la maji, uso ameubandika ukutani.

"Dada, umepoteza hereni?" kijana mmoja alimuuliza.

"Nimeokota kikubwa kuliko hereni. Usinizibie mwanga, kaka."

Akamwonyesha kwa lenzi: kimmea bapa, kidogo kuliko ukucha, kisicho na ua wala mbegu. Hakikufanana na jamaa zake wowote. Huenda ni jenasi mpya, ukoo mzima ambao haujaandikwa popote. Kijana, ambaye kazi yake ilikuwa kukausha mimea ya maua kwenye jumba la makumbusho, alimtazama yule binti akitabasamu, akajua amekwisha.

Tangu hapo simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Niache, nachora majani."

"Nichore na mimi basi."

"Wewe huenei kwenye karatasi!"

Kosa kijana alilitenda kwa mapenzi, maskini. Alipita maabarani kwa binti, akakuta mmea wote umelowa kisahanini, mwenyewe hayupo. Akaona utaoza. Akaukausha vizuri, akaubandika kwenye karatasi safi, na waridi akaweka pembeni.

"Umeniua!" binti alilia. "Seli zake zina matone ya mafuta, ndiyo yanayoutenga ukoo huu na mingine. Mmea ukikauka yanapotea. Nilikuwa sijayaangalia!"

"Nitakutafutia mwingine, kipenzi."

"Ukuta wameshaupaka rangi. Usinipigie tena."

Kila akitoka kazini kijana alizunguka soko akichungulia mifereji, wauza samaki wakimcheka: "Mganga, leo dawa ya nani?" Hatimaye, nyuma ya tangi la maji, akauona mmea ule umeota juu ya jiwe. Hakuthubutu kuubandua. Alibeba jiwe zima, limefunikwa kitambaa kibichi, suruali yake ya kutokea imejaa tope.

Binti alifungua mlango amenuna. Akaliona jiwe, akakimbilia hadubini. Kijana akabaki mlangoni kama mshtakiwa.

"Yapo," binti alisema. "Makubwa, ya kahawia, na hakuna jamaa yake mwenye matone kama haya. Ni jenasi mpya! Njoo uone, mjinga wangu."

Kijana aliinama kuchungulia, moyo umetulia. "Utaipa jina langu?"

"Thubutu! Nimeipa la bibi yangu."

Kijana akanuna kidogo. Binti akamfuta tope shavuni.

"Lako nalitaka mimi mwenyewe."

Paji la uso la kijana likagonga hadubini. "Ba... baba yako nimwambie lini?"

"Nimeshamwambia. Anatusubiri. Ila kaoge kwanza."