Vichupa vya Wiki ya Sita

Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Mutanu alifunguliwa friza ya maabara ya utafiti mjini Kitui na mkuu wake, akainua kichupa kimoja kwenye mwanga, akaguna, "Asi!"

Vichupa hukaa wima, na barafu yake huganda sawa kitakoni. Hii ilikuwa imeganda ubavuni. Vyote kumi na viwili vya wiki ya sita vilikuwa vimeyeyuka, vikalazwa, vikaganda tena.

Ndani mlikuwa na vipande vya uti wa mgongo wa panya waliokaa wiki sita tangu kujeruhiwa. Seli ya neva ikiumia haikai bure: hufunga jeni hizi, hufungua zile, na kila jeni inayofunguliwa huandikiwa nakala za maagizo yake. Nakala hizo ndizo walizosoma watafiti kujua seli inajaribu nini. Zikipata joto, zimekwisha.

Mutanu mwenyewe alianguka kutoka kwenye mparachichi huko Mbooni, miaka saba iliyopita. Sasa anatumia kiti cha magurudumu, na kumbukumbu zote za maabara anazitunza yeye.

"Stima ilipotea jana, saa nane mchana hadi saa kumi na moja," alisema Daktari Nzuki, mkuu wao. "Salim hakuwa hapa kuwasha jenereta. Leo anaondoka kazini."

Salim, fundi wa maabara, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka mji wa Mwingi, begi begani. "Daktari, si uliniruhusu mwenyewe niende harusi ya dadangu!"

"Sikumbuki."

Mutanu akachungulia rafu ya chini. Palikuwa na kikombe cha barafu, na juu yake sarafu ya shilingi kumi. Mamake aliuza barafu za rangi sokoni Mbumbuni, na ujanja huo ulikuwa wake: friza ikiyeyuka, sarafu inazama. Hii ilikuwa juu, kavu.

"Friza haikupoteza baridi," akasema. "Vichupa vilitolewa nje."

"Basi alivitoa Salim kabla hajaenda!"

"Kikombe hiki anakitunza Salim. Angetaka kusingizia stima, angezamisha sarafu kwanza. Aliyefanya hivi hakujua kazi ya kikombe."

"Mimi nilidhani mtu amesahau kikombe chake," Nzuki akanung'unika.

Mutanu akampigia simu Kasiva, mlinzi wa lango. "Jana nani aliingia?"

"Daktari peke yake, dada. Saa tisa, eti amesahau miwani. Akatoka saa kumi na mbili. Nikajiuliza, miwani gani hiyo ya kutafutwa kwa saa tatu?"

Mutanu akamgeukia Nzuki. "Ufunguo wa friza mnao nyinyi wawili tu. Mmoja wenu alikuwa Mwingi akila pilau."

Nzuki akakaa kitini kama gunia. "Miaka kumi nimefundisha kwamba chini ya kidonda seli hunyamaza baada ya wiki mbili. Kisha Salim anapima panya wawili wa kwanza wa wiki ya sita, jeni za kukua ziko wazi! Alhamisi kongamanoni ningesimama mbele ya wenzangu niseme nini?"

"Ungesema ulikosea."

"Na wewe ungefaidi nini? Hao ni panya. Hutasimama, Mutanu."

"Nani amekuomba unisimamishe? Miaka minne umeniambia mwili wangu umenyamaza, na ulikuwa hujui. Usinisemee tena. Ripoti kwa bodi inaenda leo, na naiandika mimi."

Akamuuliza Salim, "Panya wa kundi la mwisho wako wiki ya ngapi?"

"Ya nne."

"Basi tunangoja wiki mbili. Daktari, ufunguo."

Nzuki akautupa juu ya kabati.

"Huko siufikii," Mutanu akasema, kiganja wazi. "Niletee."

Nzuki akainuka, akamletea.