Kibati cha Masatu

Asubuhi hiyo Ursula alipofungua karakana ya kinu cha pamba, nje kidogo ya Bunda, kibati cha pampu kilikuwa kimehama msumari. Akasimama mlangoni, funguo mkononi.

Utaratibu wa pale ulikuwa hivi: kitu kikiharibika, jina lake linaandikwa kwenye kipande cha bati na kutundikwa msumari wa kwanza. Fundi akianza kazi anakihamishia wa pili, kikipona wa tatu. Na kila anayehamisha anafunga uzi wa rangi yake, ijulikane nani kabadili nini. Lakini mafundi wako wapi? Spea hakuna tangu vita vya Kagera, sabuni yenyewe ya magendo, wenzake wote wamekwenda kuchimbua dhahabu Kiabakari. Kabaki Ursula, mjane, analinda vyuma.

Kibati kile kilikuwa msumari wa tatu, na badala ya uzi kimefungwa unywele mrefu, unanuka udi. Akawasha pampu. Ikanguruma.

Mwenye akili zake angekimbia. Ursula akasema ahsante. Usimcheke, wewe unayelala na watu nyumba nzima. Yeye kutwa alisikia popo tu darini. Akazoea kusalimia asubuhi na kuaga jioni, vibati vikawa vinahama kimoja kimoja, na ule udi ukamfuata njiani, ukaingia kwenye kanga, kwenye mto, mpaka kwenye uji.

Ndipo akafanya la kufanya. Akakata bati, akaandika Masatu, jina la marehemu mumewe, akalitundika msumari wa kwanza. Kesho yake alilikuta wa pili.

Hapo hofu ikamshika kweli, akamkimbilia mzee Stanislausi, katekista. Mzee alikuja mchana na maji ya baraka, lakini kizingiti cha karakana hakukivuka.

"Umekitundika wewe, wa kukitoa ni wewe," alinong'ona. "Kitoe sasa, mama. Kikifika wa tatu atakuja, na hatakuwa Masatu."

"Najua. Nilimwosha kwa mikono yangu." Ursula alitazama chini. "Nyumbani naongeaga na sufuria, mzee."

Akanyoosha mkono, na bati likawa na joto la mwili, na nyuma ya ukuta kitu kikavuta pumzi taratibu, kikaishikilia, kikingoja kama alivyongoja yeye miaka yote ile kitandani, macho wazi, upande mmoja wa mkeka ukiwa baridi. Akaurudisha mkono. Mzee akapiga ishara ya msalaba, akaenda zake.

Saa kumi na mbili jioni alirudi nyumbani. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake. Ndani mtu alikohoa kikohozi cha Masatu, kisha akauliza, kwa sauti ya Masatu, kwa nini leo amechelewa.

Mlango ulikuwa nusu wazi, na chini yake zilionekana kwato mbili, zimetulia juu ya sakafu aliyoifagia mwenyewe.

Ursula aliinua macho juu ya miguu ile, akaingia, akafunga mlango. Akamuuliza kama ameshakula.